Vijana wa Kuazima



Mwenye kufundisha watoto wa watu kwa miaka mingi huzoea kusema "watoto wangu". Sisi nasi tulizoea. Tulisema hivyo darasani, tukasema hivyo katika mafundisho ya Jumamosi, na hakuna aliyetukosoa, kwa kuwa ni neno la mapendo. Somo la kwamba watoto hao ni wa kuazima tulilipata mahali ambapo hatukulitafuta, katika mchezo wa mpira wa miguu uchezwao kwa kompyuta. Tulilipata kwa aibu, na ndiyo maana tumeona vema kuwasimulia.

Mchezo wenyewe unaitwa Hattrick. Ulianzia Uswidi mwaka 1997, na tangu hapo umeenea katika nchi nyingi za dunia. Atakayeufungua akitazamia kuona watu wadogo wakikimbiza mpira juu ya kioo atavunjika moyo, kwa maana karibu kila kitu ndani yake ni maneno na hesabu. Kila mshiriki hupewa klabu moja. Hupanga kikosi, huchagua mazoezi ya juma, hununua na kuuza wachezaji, kisha saa ya mechi ikifika husoma habari zake mstari kwa mstari, kama wazee wetu walivyosikiliza mpira kwa redio. Mambo huenda polepole. Mechi ya ligi huchezwa mara moja kwa juma, msimu una majuma 16, na mchezaji huongezeka umri wa mwaka mmoja kila baada ya siku 112. Asiye na subira huondoka kabla ya msimu wa kwanza kwisha.

Aliyetuingiza humo ni mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, aliyekaa nyumbani kwetu Lubumbashi alipokuwa akisoma chuo kikuu. Alikuwa na kompyuta kuukuu ambayo betri yake ilikwisha kufa, hata umeme ulipokatika nayo ilizimika papo hapo. Jioni moja alituambia: "Mjomba, mchezo huu ni wenu. Hauhitaji miguu, unahitaji daftari." Alijua udhaifu wetu. Tangu siku za mafunzo ya ualimu hatukuwahi kuingia darasani bila daftari la maandalizi, lenye tarehe juu upande wa kulia na mstari mwekundu chini ya kichwa cha somo. Tulinunua daftari jipya la kurasa 100, tukaanza.

Kila nchi iliyomo katika mchezo huo ina timu ya taifa ya wakubwa na timu ya taifa ya vijana. Wakati tunaousimulia, timu ya vijana ilikuwa ya wale ambao hawajatimiza miaka 21. Baadaye kikomo hicho kilisogezwa mbele kwa mwaka mmoja. Makocha wa timu hizo huchaguliwa kwa kura na wenye klabu wa nchi husika. Hapo ndipo nchi yetu ilipotushangaza. Kongo tunayoikanyaga ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3. Ni nchi ya Leopards waliotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1968 na mwaka 1974, na ya Mazembe, jirani zetu hapa mjini, waliofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010. Kongo ya mchezo ule ilikuwa kijiji. Ukubwa wa taifa humo haupimwi kwa ardhi wala kwa wingi wa watu, bali kwa idadi ya klabu, kwa sababu kijana anayelelewa katika shule ya vijana ya klabu hupata uraia wa nchi ya klabu hiyo. Penye klabu nyingi hutoka vijana wengi. Penye klabu chache hutoka wachache. Kocha wa Italia au wa Uswidi huchagua kiungo mmoja kati ya wengi asiowajua hata kwa majina. Sisi viungo wetu wa kufaa tuliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki.

Tuligombea ukocha wa vijana kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Tulipata kura 7. Mpwa wetu alidai kwamba moja ilikuwa yake na kwamba anastahili soda.

Siku ya kwanza ya kazi tuligundua jambo ambalo hatukulifikiri tulipokuwa tukiomba kura: kocha wa taifa hana uwanja wa mazoezi. Hamfundishi mtu yeyote. Wachezaji wote ni mali ya klabu zao, na anayeamua kijana afundishwe nini ni mwenye klabu. Na mwenye klabu naye amefungwa na kanuni, kwani katika juma moja klabu huchagua aina moja tu ya mazoezi, na wanaofaidika kikamilifu ni wale tu waliocheza katika nafasi inayohusika. Akitaka kijana awe kiungo hodari, lazima juma zima liwe la mazoezi ya viungo, na kijana mwenyewe apangwe katikati ya uwanja, hata kama klabu ina mtu mzima aliye bora kuliko yeye. Maana yake ni kwamba kila hatua ya kijana inalipwa na klabu yake, kwa pointi za ligi au kwa fedha. Kocha wa taifa halipi kitu. Huja mwishoni, huvuna.

Basi kazi yetu ikawa kuandika barua. Kila jioni umeme ulipokuwapo tulitafuta vijana wenye bendera ya Kongo popote walipokuwa. Wengi walikuwa nje, kwa sababu kijana mwenye kipaji huuzwa upesi kwa klabu zenye fedha, na huko sokoni hakuna mpaka. Tulimwandikia mwenye klabu kwa heshima. Tulijitambulisha, tukataja jina la kijana, tukaeleza ni mazoezi gani yangemfaa na kwa muda gani, tukamshukuru mapema. Wengine hawakujibu. Wengine walijibu kwamba wamemuuza jana. Mmoja alituandikia kwamba klabu yake si nyumba ya kulelea yatima, na hatukuwa na la kumjibu, kwa kuwa alisema kweli. Lakini walikuwapo waliokubali. Mtu wa mbali, asiyeijua Lubumbashi wala Kisangani, alikubali kupoteza mechi za klabu yake ili kijana wa taifa lisilo lake apande ngazi moja. Kila tulipopokea jibu la namna hiyo tulilisoma mara mbili.

Taifa kubwa likimkosa kijana mmoja humchukua wa pili. Taifa dogo likimkosa mmoja, nafasi yake hubaki wazi mpaka mwisho. Katika mzunguko wetu wa kwanza tulizijaza nafasi hizo kwa vijana wasio na kiwango, na matokeo yakawa kama ilivyotarajiwa. Katika mchezo huo anayeshinda katikati ya uwanja ndiye anayepata nafasi nyingi za kufunga, nasi katikati hatukuwa na mtu. Mechi moja tulifungwa mabao 8. Tuliwakumbuka Leopards wa mwaka 1974, ambao wazee walitusimulia habari zao tungali wadogo: walikwenda Ujerumani ya Magharibi wakiwa mabingwa wa Afrika, wakafungwa na Yugoslavia mabao 9 bila jibu. Watu waliwacheka. Sisi tuliofungwa 8 ndani ya kompyuta, bila hata kutoka jasho, tulipoteza hamu ya kucheka mtu.

Katika mzunguko huo wa kwanza ndipo tulipompata kijana ambaye habari zake ndizo kiini cha maandiko haya. Alikuwa kiungo, mwenye umri wa miaka 17 na siku chache, na amenunuliwa na mwenye klabu mmoja wa Poland. Tulimwandikia. Naye alijibu siku ya pili, kwa Kifaransa cha kamusi kama kilivyokuwa Kiingereza chetu. Alisema kwamba kijana anajifunza upesi, kwamba leo ana miaka 17 na siku 20, na kwamba yuko tayari kumfundisha kwa ajili yetu tukimwambia lini tutamhitaji.

Barua ile hatukuisoma siku ile. Katika mtaa wetu transfoma iliungua, tukakaa gizani. Umeme ulirudi baada ya siku 21. Tulifungua kompyuta kwa pupa, tukakuta barua ya yule Mpolandi, tukafurahi, tukachukua daftari. Tuliandika tarehe ya siku hiyo upande wa kulia, tukapiga mstari mwekundu, tukanakili chini yake: miaka 17, siku 20. Kisha tukapiga hesabu kwa makini sana, siku 112 kwa kila mwaka, tukaona kwamba kijana atatimiza miaka 21 siku 17 baada ya mechi ya mwisho ya kundi letu katika mzunguko utakaofuata. Ilikuwa kama ameumbwa kwa ajili ya mechi hiyo. Tukamwandikia mwenye klabu: "Tukichaguliwa tena, tunakuahidi kwamba atacheza mechi zote za kundi, mpaka ya mwisho."

Msomaji mwenye akili amekwisha kuliona kosa. Hesabu yetu ilikuwa sahihi, ila tuliianza siku isiyo yake. Umri tuliouandika ulikuwa wa siku ambayo barua iliandikwa. Tarehe tuliyoiweka juu yake ilikuwa ya siku ambayo barua ilisomwa. Kijana alikuwa mkubwa kwa siku 21 kuliko alivyokuwa katika daftari letu.

Miezi ikapita. Tulichaguliwa tena, safari hii kwa kura 9. Yule Mpolandi alifanya kila alichoahidi. Juma kwa juma kijana alicheza katikati ya uwanja wa klabu yake, juma kwa juma alipanda. Katika mchezo ule viwango vya ustadi havitajwi kwa namba tupu. Kila ngazi ina jina lake, kuanzia majina ya aibu hadi lile la juu linalomaanisha "ya kimungu". Kijana wetu hakufika karibu na huko, lakini alifika mahali ambapo mataifa makubwa yalianza kuuliza jina lake. Mwenye klabu alituarifu kwamba amepata watu wa kumnunua kwa bei nzuri. Bei ya kijana wa namna hiyo huwa juu maadamu bado anastahili timu ya vijana, na akivuka kikomo hushuka. Alituuliza: auze au asubiri? Mwenye klabu mpya pengine asingejali maombi yetu. Tulimwomba asubiri mpaka mechi ya mwisho. Akasubiri.

Mzunguko wa pili ukaanza, nasi hatukuwa tena mboga ya kila mtu. Tulishinda mechi mbili, tukatoka sare, tukafungwa kwa tofauti ndogo na waliokuwa wakubwa kweli. Tulikuwa na hekima moja ya wanyonge. Kocha anaweza kuwaambia wachezaji wacheze kwa utulivu, na moyo wa timu ukapanda, au awaambie kwamba hii ndiyo mechi ya msimu, wakatoa nguvu zote na moyo ukashuka baadaye. Tulicheza kwa utulivu mechi ambazo tungefungwa vyovyote, tukaitunza nguvu kama mtu anavyotunza unga wa mwisho wa mwezi. Mechi ya mwisho ilipokaribia, tulihitaji sare tu ili tupite.

Jioni ya kupanga kikosi tuliketi mapema. Tuliweka golikipa, tukaweka mabeki, tukafika katikati. Jina la kijana halikuwapo katika orodha. Tulidhani mtandao umekwama, tukafungua upya. Halikuwapo. Tukaenda kwenye ukurasa wake, ukurasa ambao tungeweza kuutazama siku yoyote ya miezi 14 iliyopita, tukasoma: miaka 21 na siku 3. Siku ya mechi ingekuwa ya 4.

Tulichukua daftari, tukalifungua ukurasa ule wa mstari mwekundu. Hatukuhitaji muda mrefu. Tarehe ya transfoma tuliikumbuka vema, kwa sababu nyama ya Pasaka iliharibika.

Mpwa wetu alitukuta tumeketi mbele ya kioo, daftari mapajani. Tulimweleza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwa upole: "Mjomba, msihuzunike hivyo. Hao wachezaji si watu." Tukamjibu: "Kweli, mchezaji si mtu. Lakini yule Mpolandi ni mtu." Akanyamaza.

Mechi tulifungwa mabao 2 kwa 1. Mwisho wa timu ile katika mashindano ulikuwa hapo. Lakini hatutasema mengi juu ya mechi, maana usiku ule hatukuumizwa sana na mabao. Tulimwandikia mwenye klabu saa ile ile, kabla umeme haujatuponyoka. Hatukutaja transfoma. Tulieleza kwamba tulikosea hesabu, kwamba tulimwomba akatae fedha kwa ajili ya mechi ambayo kijana hakuweza kuicheza, kwamba kosa ni letu peke yetu, na kwamba tunaomba radhi. Tulitumia kamusi kwa kila neno ili tusije tukaficha kitu nyuma ya neno laini.

Jibu lilikuja asubuhi. Lilikuwa fupi. Alisema kwamba aliiona siku ile ikikaribia tangu majuma kadhaa. "Nilidhani unajua," aliandika. "Wewe ndiwe kocha. Sikutaka kukufundisha kazi yako." Kisha akauliza kama tunaye kijana mwingine wa miaka 17.

Tulikaa na jibu lile siku nyingi. Mtu mmoja alikosea, mwingine aliliona kosa, na kati yao ilikuwapo heshima tupu iliyonyamaza. Kila mmoja alijaza ukimya wa mwenzake kwa dhana yake. Sisi tulidhani kila kitu ki sawa kwa kuwa hakuuliza. Yeye alidhani tuna mpango wetu kwa kuwa hatukusema.

Na hapo, ndugu wasomaji, ndipo lilipotujia jambo la zamani ambalo tulikuwa tumelizika.

Miaka mingi kabla ya mchezo huo, tulipokuwa tungali walimu wa darasa, tulitayarisha orodha ya wavulana wa shule yetu kwa mashindano ya mpira kati ya shule za mji. Kulikuwa na kikomo cha umri. Miongoni mwao alikuwapo mtoto mmoja, mfupi, mwenye miguu ya ajabu, ambaye wenzake walimpa mpira kila walipokosa la kufanya. Tuliponakili orodha kutoka katika rejista, jicho letu liliruka mstari mmoja, tukamwandikia mwaka wa kuzaliwa wa mwenzake aliyekuwa juu yake. Kwa karatasi ile alikuwa amezidi umri. Siku ya mashindano msimamizi alisoma orodha penye kiingilio cha uwanja, akamtenga kando. Tuliitazama karatasi, tukaliona kosa. Msimamizi alikuwa mkali, watu walikuwa wengi, shule nyingine ilikuwa ikisubiri. Tulimwambia mtoto: "Utacheza mwaka ujao." Tukaingia uwanjani na wengine.

Mwaka uliofuata alikuwa amezidi umri kwelikweli. Wala hatukumwomba radhi. Katika mawazo yetu ya wakati ule, mwalimu hamwombi radhi mtoto. Na kosa lenyewe lilikuwa la kalamu, kosa dogo. Tulilisahau. Mgeni wa Ulaya, tusiyeujua hata uso wake, tulimwomba radhi usiku ule ule, kwa kamusi, kwa ajili ya mchezaji asiyekuwako. Mtoto wa Katuba mwenye damu na machozi alikuwa bado anasubiri.

Yeye hakuwa mbali. Ni mwashi sasa, ana watoto, na mara nyingi tulipishana naye njiani tukasalimiana. Jumapili moja baada ya Misa tulikwenda kwake. Alitupa kiti kizuri, mkewe akaleta maji, akadhani tumekuja kwa habari ya ujenzi. Tulimwambia: "Tumekuja kwa habari ya orodha." Hakuelewa. Tukamkumbusha uwanja, msimamizi, kiingilio. Uso wake ukabadilika. Tukamweleza juu ya rejista, mstari ulioruka, na jinsi tulivyoliona kosa pale pale tukanyamaza.

Alitazama chini kitambo. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi siku zote nilidhani mlinikataa kwa sababu sikuwa na viatu."

Wenzake wote siku ile walikuwa na viatu vya mpira, vingine vya kuazima. Yeye alikuja na kandambili. Sisi hatukuviona hata viatu vyenyewe. Yeye hakuona kitu kingine. Kwa zaidi ya miaka 15 alibeba moyoni jibu alilojitungia mwenyewe, kwamba mwalimu alimwonea aibu umaskini wake. Na tangu siku ile, alituambia, hakucheza tena. Hakusema kwa kutulaumu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya saruji.

Tulimwomba radhi. Alituambia yamekwisha, tunywe maji. Tunaamini kwamba alitusamehe, lakini hatuwezi kusema kwamba yamekwisha, kwa kuwa mpira ambao hakuucheza hakuna awezaye kumrudishia.

Hatuandiki haya ili msomaji afikiri kwamba kila mwalimu anunue kompyuta. Wala hatusemi kwamba mchezo ule ni kitu kitakatifu. Ni mchezo, una saa zake, na aliye na kazi ya kufanya afanye kazi yake kwanza. Tunachosema ni kwamba ulituonyesha waziwazi hali ambayo darasani ilikuwa imefichika. Kocha wa taifa anajua kila jioni kwamba vijana si wake. Akitaka kitu huomba, akipewa hushukuru, akiahidi huandika, akikosea ana mtu wa kumjibu, mtu aliyetoa kitu chake. Mwalimu, na katekista, na kiongozi wa vijana, huyasahau hayo kwa sababu watoto huja wenyewe kila siku na kuketi kwenye benchi. Nyuma ya kila mmoja yuko mama aliyeuza mihogo kwa ajili ya daftari, yuko baba aliyemwachilia asiende shambani. Hao ndio wenye klabu. Hawaandiki barua, wala hawaulizi. Wanatuona tukikosea, nao hunyamaza kwa heshima: "Ni mwalimu, anajua."

Basi ni wajibu wetu sisi tulioazimwa kusema kwanza. Kumwambia mzazi: "Hapa nimekosa." Kumwambia mtoto sababu ya kweli, hata kama sababu hiyo inatushusha, kabla hajajitungia yake; kwa maana mtoto akiachwa kujitungia sababu, mara nyingi huitafuta ndani yake mwenyewe, katika viatu vyake, katika nguo zake, katika jina la ukoo wake.

Ukocha tuliuacha muhula ule ulipokwisha. Kijana mmoja wa Kinshasa aliuchukua, mwenye kompyuta nzuri na betri hai. Tulimwandikia barua ndefu, tukampa majina ya wenye klabu wote waliotusaidia, kila mmoja na nchi yake na mambo aliyotutendea. Yule Mpolandi tulimweka wa kwanza. Na juu kabisa, mahali ambapo katika daftari letu huwa panakaa kichwa cha somo, tuliweka sentensi moja na kuipigia mstari: "Umri wa kijana uhesabu tangu siku ile mwenye klabu alipokuandikia, wala si tangu siku uliyosoma wewe, na ukiona siku inakaribia, usingoje, muulize."

Alijibu kwamba siku hizi programu huhesabu zenyewe. Tulifurahi kusikia. Daftari letu bado tunalo. Kurasa zilizobaki tunaandika majina ya watoto wa mafundisho ya Jumamosi, na kando ya kila jina, jina la aliyetuazima.